Mpapindi wa Ngezi: nimeombwa mbegu, na bado sijajibu

Mtoto wa Makangale

Assalaam alaykum nyote.

Kwetu ni Makangale, Pemba. Mwaka wa kumi na moja huu natunza bustani ya hoteli moja huku pwani ya mashariki ya Unguja. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Ramadhani, na kila nikitaka kulimaliza mwenyewe naona elimu yangu haitoshi. Nalileta kwenu.

Aliyewahi kutoka Konde kuja kwetu anajua: barabara inaingia msitu wa Ngezi na mara jua linapotea. Utotoni njia hiyo nimeipita kwa miguu na bibi yangu mzaa mama, yeye na kikapu cha pweza mkavu kichwani, mimi na kidumu cha maji. Bibi hakwenda skuli, lakini msitu ule aliujua kwa majina. Huu mjoho, huu mvule, huu msufi mwitu, na kule kwenye majimaji ni mwale. Akifika penye mpapindi, mti wa ukoo wa mnazi, alikuwa anasimama. Kigogo chembamba chenye pete, makuti yamepinda vizuri kama yamechanwa na mtu, na chini yake makole ya matunda mekundu kama marijani. Alikuwa akisema mti huu hauna kazi yoyote ya mtu ila kupendeza, na hiyo nayo ni kazi.

Siku moja, nina miaka tisa au kumi, nilikata mpapindi mchanga nipate upondo wa kuangulia maembe. Bibi hakunipiga. Alitua kikapu, akakaa juu ya gogo, akanambia nihesabu pete. Nikahesabu thelathini na saba. Akasema, "Kila pete ni kuti moja lililoanguka kwa wakati wake. Wewe umeyamaliza yote kwa panga moja." Tukaendelea na safari. Sijakata mpapindi tena.

Sasa yametokea mambo mawili.

La kwanza, hoteli iliagiza miche sitini ya "mti wa Pemba" ipangwe kwenye njia ya kuingilia. Ilipofika, kila chungu kina kibao kimeandikwa mpapindi. Nikaikagua mmoja mmoja. Vikonyo vya manjano, machipukizi manane au tisa yamejazana kwenye chungu kimoja. Ule ni mti wa vyunguni unaouona kwenye kila ofisi na kila ukumbi wa harusi, watu wanauita areka, na kwao ni Madagaska. Nikamwambia aliyeileta. Akajibu kwamba yote ni ukoo mmoja na mgeni hatajua. Ukoo kweli ni mmoja. Lakini kila asubuhi wageni wanatembezwa pale na kuambiwa huu ndio mti usioota popote duniani isipokuwa Pemba, wanaupiga picha, wanaondoka. Mimi nimesimama na mpira wa maji na moyo unaniuma.

La pili, mgeni mmoja hakudanganyika. Anakusanya miti ya ukoo huu kwao Ulaya, akanifuata bustanini akanambia kwa upole kwamba vibao vyetu si vya kweli. Nikafurahi kukutana na mtu anayeujua mti wetu. Siku ya pili akaniomba mbegu mia tano kutoka Ngezi, dola moja kila mbegu. Binamu yangu yuko Makangale, nimempigia simu, anasema siku mbili zinamtosha kujaza ndoo. Dola mia tano kwetu ni bati za nyumba nzima. Na mgeni anasema kuzitawanya mbegu duniani ndiko kuuokoa mti, kwa sababu msitu mmoja unaweza kuungua au kukatwa.

Naomba mnisaidie. Ni halali kuchukua? Na hata kama ni halali, ni kweli mti unaokolewa kwa kupandwa Ulaya? Mimi moyo wangu unataka uote kwetu kwanza, kwenye viunga vya skuli, kwenye misikiti, na katika bustani hii ninayoitunza, uwe ule wenyewe. Sijui nianzie wapi.

Kijana wa Bububu

Wa alaykum salaam kaka. Nauliza kwa nia safi, sibishi. Minazi ya Unguja mingi ni mikongwe, imepandwa na mababu zetu. Mdudu chonga anatoboa vilele, mashamba yanakatwa viwanja, na nazi inapanda bei kila mwaka mpaka mama anatia tui nusu. Kama nguvu ipo ya kuokoa mti wa ukoo huu, si tuanze na unaotulisha? Mpapindi hautoi tui, hauezekwi, haufumwi mkeka. Nataka kuelewa kwa nini mtu wa kawaida auhangaikie.

Mzee wa Msituni, Wete

Wanangu, mimi ni mstaafu wa misitu, miguu imechoka lakini kichwa bado kipo. Nitaanza na kijana wa Bububu kwa sababu swali lake ni la haki.

Mnazi, mwanangu, unaota pwani zote za joto. Leo minazi ya Unguja ikifa yote, Mungu apishe mbali, mbegu utaifuata Pangani, Lindi, India, Ufilipino. Itakuwa msiba wa mifuko na matumbo, lakini mti hautapotea. Mpapindi kwao ni Pemba peke yake. Ukimalizika hapa hakuna bandari ya kwenda kuupakia, isipokuwa kuomba kwenye bustani za watu waliouchukua kwetu. Na ndugu zake wa karibu wote wako Madagaska, ile wazee wakiiita Bukini, na visiwa vya Komoro. Bara yote ya Afrika haina hata mmoja wa asili. Namna gani ukoo wa Bukini ukapata tawi moja Pemba, kisiwa kilichotengwa na bara kwa mkondo wa maji mengi, hilo ni jambo la kumshangaza mtu mwenye fikra. Mimi limenishangaza miaka thelathini.

Mkitafuta kwenye intaneti msichanganyikiwe na majina. Mtaalamu wa Kimarekani Harold Moore ndiye aliyeuandika rasmi mwaka 1962, akauita Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 ukahamishiwa jina la Dypsis pembana, na mwaka 2022 wataalamu wakaurudisha kwenye jina lake la kwanza. Vibao na vitabu vingi bado vina lile la kati. Mti ni huo huo mmoja.

Ngezi yenyewe si kubwa. Ni kiasi cha hekta 1,440, na ndiyo msitu mkubwa wa asili uliobaki katika kisiwa ambacho sehemu nyingine zote zimekuwa mikarafuu, mabonde ya mpunga, mihogo na nyumba. Mti wenye dunia ndogo namna hiyo hauhitaji adui mkubwa. Fito za kujengea, kuni, shamba la mtu mmoja kusogea kila mwaka hatua kumi, hayo tu yanatosha.

Sasa suala la uhalali. Ngezi ni hifadhi. Zanzibar ina sheria ya misitu namba 10 ya mwaka 1996, na hifadhini hutoi kitu bila kibali, si fito, si mche, si mbegu. Binamu yako akijaza ndoo ni wizi, hata kama kazaliwa nyumba ya tatu kutoka msituni. Tena mbegu ikitoka nchini inataka cheti cha afya ya mimea, na mgeni anayejua majina ya kitaalamu anajua na hilo. Njia ni hii: mnaanza kwa sheha, anawaunganisha na kamati ya hifadhi ya shehia, halafu barua inakwenda Idara ya Misitu. Barua iseme mbegu ngapi, za kazi gani, zitapandwa wapi na nani atazitunza. Nilipokuwa kazini nilikuwa nikiona watu wanaiogopa barua kuliko panga. Barua ni karatasi tu.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa uchungu kwa kuwa nimeliona kwa macho yangu. Usikubali mtu akuletee maotea, ile miche iliyojiotea chini ya mama zao. Watu wanaona ni rahisi: unang'oa, unatia kwenye kiriba, tayari. Kumbe ule mche uliofika kimo cha goti umeshapita ndege, panya, jua na kiangazi. Ndio mpapindi wa miaka ishirini ijayo. Wenyewe ukiung'oa mzizi unakatika, nusu inakufa njiani, na msitu umebaki na wazee watupu. Niliwahi kuikuta ishirini na zaidi imekauka kwenye gunia kando ya njia ya Vumawimbi. Aliyeiacha hakurudi.

Na kwa anayedhani watu wa Pemba hatuwezi kuokoa kitu: mkumbukeni popo. Yule popo wetu mkubwa, asiyepatikana popote ila Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amebaki mamia tu. Tulikuwa tunamla, nisifiche, na mimi nimemla. Vijiji vyenyewe vikaamua kulinda miti anayolala, Kidike ndiyo inajulikana zaidi, na baada ya miaka ishirini wakahesabiwa zaidi ya elfu ishirini. Popo huyo huyo ndiye anayebeba mbegu za miti usiku na kuzidondosha msituni.

Mtoto wa Makangale

Shikamoo mzee. Maneno yako yamenishika. Binamu nimeshampigia, asiende. Ila bado linanisumbua lile la mgeni: kwamba miti ikiwa mingi bustanini duniani ndiyo imesalimika. Na pia naomba mwenye uzoefu wa kuotesha anieleze. Nikipata kibali halafu mbegu zikaniozea mikononi, aibu hiyo nitaiweka wapi?

Bi Kitalu, Mwera

Mwanangu, kuozesha mbegu si aibu, aibu ni kuchukua nyingi kwa sababu unajua utaozesha. Mimi nina kitalu huu mwaka wa kumi na sita, miti ya kivuli, matunda, popoo, na mipapindi michache niliyoipata kwa njia ya halali kutoka kwa mti mmoja wa bustani. Nitakwambia ninavyofanya.

Tunda lazima liwe jekundu kabisa, laini, linaloachia kikonyo lenyewe ukiligusa. La kijani au la rangi ya chungwa liache. Menya nyama siku hiyo hiyo; mimi nazisugua kwenye chungio la nazi lililozeeka chini ya maji mpaka mbegu haitelezi tena. Nyama ikibaki inavuta ukungu na sisimizi. Loweka usiku mmoja, ubadilishe maji asubuhi. Wanaosema mbegu inayoelea itupe, mimi naizika pembeni kwa majaribio, na mara nyingine inanishangaza.

Usizianike. Narudia, usizianike juani. Mtu wa karafuu akiona mbegu mkono unamwasha kutandika jamvi. Mahindi na maharage ukikausha unayaweka mwaka mzima. Mbegu nyingi za ukoo huu wa mnazi zikikauka ndani ya moyo zimekufa, hata kama kwa nje zinang'aa. Ndiyo maana zile ghala kubwa za mbegu duniani zinazogandisha mbegu kwa baridi, kwa miti hii hazisaidii sana. Huwezi kuuweka mnazi kabatini. Lazima uwepo mti wenyewe, umesimama mahali, unazaa.

Udongo wangu ni vumbi la makumbi sehemu mbili, mchanga wa mtoni sehemu moja. Samadi siweki mwanzo, kwanza inaunguza mizizi, na pili rundo la samadi ndiko chonga anakotagia mayai. Mbegu naizika nusu, mgongo wake unaonekana. Kivuli kizito kama cha chini ya mwembe, maji kidogo kila siku, isilowe kama bonde. Ndani ya mwezi wa pili au wa tatu utaona kitu kama sindano nyeupe kinatoka, halafu kijani. Hapo usiwe na haraka ya kuhamisha. Subiri majani mawili, ndipo utie kwenye kiriba kirefu, kwa sababu mzizi unakwenda chini kabla mti haujaenda juu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Umesema hotelini kuna areka sitini. Ukipanda mpapindi wako katikati yao, baada ya miaka utavuna mbegu, na kwa mbegu hizo sitoi dhamana. Miti hii ni ndugu, nyuki hana kibali cha Idara, chavua inachanganyika, na unaweza kupata mahuluti. Atapendeza, lakini si mpapindi tena. Mahuluti akirudishwa Ngezi kwa jina la kuusaidia msitu ni dhara kubwa kuliko panga, maana panga unaliona. Kwa hiyo hotelini panda kwa macho ya wageni tu. Mbegu za kuendeleza zitoke kwenye miti iliyo peke yake, mbali, yenye daftari.

Daftari, mwanangu. Kila kiriba kina namba, na kila namba ina mama yake: ulitoka mti gani, upande gani wa msitu, tarehe gani. Na wasiwe watoto wa mama mmoja. Mbegu thelathini kutoka miti kumi ni bora kuliko mia tatu kutoka mti mmoja uliokuwa karibu na barabara. Mimi mipapindi yangu yote ni ya mama mmoja, nazipenda, lakini najua ni familia ya nyumba moja na siwezi kusema nimehifadhi chochote.

Baharia wa Chake

Salaam. Nimefanya kazi za meli miaka mingi, Bahari ya Hindi hii naijua bandari kwa bandari, na kokote tulikotia nanga mimi nilikuwa natafuta bustani. Wenzangu walikwenda sokoni, mimi naangalia miti. Basi nijibu lile la mgeni, kwa sababu nimeliona kwa macho.

Morisi, mji wa Curepipe, kuna bustani ya mimea, na ndani yake mti mmoja mrefu mwembamba umezungushiwa vyuma. Jina lake Hyophorbe amaricaulis. Ni huo mmoja tu uliobaki duniani. Haupo mwingine, si msituni, si bustanini. Unatoa maua ya kiume na ya kike, lakini hayafunguki wakati mmoja, kwa hiyo hata kujizalisha wenyewe ni taabu. Wataalamu wamejaribu kuotesha viini vyake maabara, vikachipua, na vilipotiwa udongoni vikafa. Nilisimama pale karibu saa nzima. Mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kwetu kuna mti nao ni wa kisiwa kimoja.

Huko huko Morisi kuna ndugu yake, ule wenye tumbo kama chupa, Hyophorbe lagenicaulis. Huo bila shaka mmeuona, umepandwa kwenye bustani za nchi za joto kila pahala, na hapa Zanzibar upo. Asili yake ni kisiwa kidogo kinaitwa Round Island. Watu walipeleka huko mbuzi na sungura, wakala kila mche uliochipua, mpaka kisiwani ikabaki miti michache mno huku duniani kuna maelfu kwenye vyungu. Unaona? Bustani zilikuwa zimejaa na kwao pakawa pakavu. Kilichouokoa kule kwao ni kuondoa mbuzi mwaka 1979 na sungura mwaka 1986. Miche ikaanza kupona yenyewe. Kwa hiyo mgeni wako hakusema uongo, ila kasema nusu. Bustani ni akiba. Kuishi kwenyewe ni kule mti unakoanguka mbegu chini yake ikaota bila mtu kuigusa.

Ushelisheli wana ule mnazi wa mbegu kubwa kuliko zote duniani, unaota porini visiwa viwili tu, Praslin na Curieuse. Nazi yake hutoki nayo bila hati na namba. Hata hivyo wezi wanaingia usiku. Lakini angalau serikali imejua kwamba nazi ile ni mali, na bonde lake la Vallée de Mai liko kwenye urithi wa dunia tangu 1983.

Madagaska ndiko nilikolia. Nchi ile ina aina karibu 200 za miti ya ukoo huu, karibu zote hazipo penginepo, na mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili lilipozipitia likasema asilimia 83 zinatishiwa kutoweka. Kuna mmoja, Voanioala, ni ndugu wa mnazi wetu anayeishi msituni Masoala, imebaki mikubwa michache kabisa, na mojawapo ya maadui zake ni wakusanyaji wa mbegu. Wanaupenda mpaka wanaumaliza. Hilo umfikirie mgeni wako kwa utulivu, bila kumchukia.

Lakini kuna mfano mzuri, na ndio niliotaka kufika. Kaskazini magharibi ya Madagaska, msimamizi wa shamba la mikorosho, Xavier Metz, akitembea na familia yake waliona mti mkubwa ajabu, una kigogo cha mita 18 na majani ya upana wa mita tano, wataalamu hawajawahi kuuandika. Mwaka 2008 ukatangazwa kwa jina la Tahina spectabilis. Tahina ni jina la binti yake, na kwa Kimalagasi maana yake ni kubarikiwa au kulindwa. Mti huu unaishi miaka mingi, unatoa maua mara moja tu, kama mkonge, halafu unakufa. Mikubwa haikufika mia. Mngedhani baada ya tangazo wangevamiwa. Kilichofanyika: wanakijiji wakaunda kamati ya kulinda, mbegu zikakusanywa kwa makubaliano, nyingine zikapelekwa bustani za mimea nchi mbalimbali, na nyingine zikauzwa kwa wapenzi wa miti kupitia muuzaji mmoja anayejulikana, fedha zikarudi kijijini. Mnunuzi alijua anachokinunua, na mtu wa kijiji akawa na sababu ya kuzima moto ukianza.

Basi sisemi mfukuze mgeni. Sema naye: mbegu hazitoki mkononi kwa mtu kwenda mkononi kwa mtu. Zikitoka, zitoke kwa kamati, kwa hati, chache, na fedha ziende Makangale na Konde. Na kama ana mapenzi ya kweli, kuna kusaidia bila kuchukua mbegu hata moja. Kuna jumuiya ya dunia ya wapenzi wa miti hii, International Palm Society, ilianzishwa Marekani 1956, ina mfuko wa kusaidia utafiti mdogo mdogo. Mtu kama yeye anajua mlango wake uliko. Mwambie aandike barua ya kuitetea Ngezi.

Kijana wa Bububu

Nimeelewa sasa. Sikujua ile miti yenye tumbo ina kwao. Tunayo miwili mbele ya skuli yetu, tunaifungia bendera.

Mama wa Ukindu, Micheweni

Na mimi niseme neno langu moja, mimi ni mfumaji wa mikeka na misala tangu usichana wangu.

Mkindu umesalimika kwetu kwa sababu tuna haja nao. Tunapokata tunachukua jani changa la katikati ambalo halijafunguka, moja tu, na mti huo haturudii mpaka utoe jingine. Hakuna aliyetuandikia; ukikata yote mwaka huu, mwakani utatembea mbali zaidi, na binti yako atatembea mbali kuliko wewe. Mpapindi hauna mfumaji, hauna mgema, hauna mwezekaji. Hauna mtu wa kuuombea. Kwa hiyo ukiona bibi wa watu alikuwa anasimama kuutazama, ujue alikuwa anafanya kazi ambayo sisi wengine tuliiacha. Mungu amrehemu kama ameshatangulia.

Watoto wa skuli wafundishwe kuujua kwa macho. Binti yangu yuko darasa la sita, anaujua mti wa Krismasi wa kwenye kitabu, mpapindi hajawahi kuonyeshwa na Ngezi ni mwendo wa gari moja.

Mtoto wa Makangale

Nashukuruni, nimechelewa kurudi kwa sababu nilisafiri. Nieleze nilivyofanya.

Mgeni nilimwandikia kwamba mbegu mia tano hatopata, na nikamweleza sababu kama Baharia alivyozipanga. Nilidhani atakasirika. Kanijibu baada ya siku tatu, barua ndefu, anaomba jina la kamati ili awasiliane nayo mwenyewe, na amesema anajua wanaotafuta mpapindi wana njia nyingine zisizo safi, kwa hiyo yuko tayari kungoja. Jina nitampa kamati ikikubali, si kabla.

Hotelini nilimwendea meneja na picha mbili kwenye simu, matunda mekundu na vikonyo vya manjano. Alinisikiliza. Vibao sitini nimevitoa mwenyewe. Vipya vinasema areka, kwao Madagaska. Mtembeza wageni aliniuliza atasema nini sasa penye njia ile, nikamwambia aseme kwamba mti wa Pemba uko Pemba, na wakitaka kuuona kuna boti na kuna Ngezi, na kiingilio chake kinasaidia msitu.

Halafu nikapanda boti kwenda nyumbani. Sheha alinipokea vizuri. Barua tumeiandika pamoja na katibu wa kamati: mbegu thelathini, miti kumi tofauti, miche ipandwe kwenye kiunga cha skuli na kwenye konde la marehemu bibi yangu kando ya kijito, ambako hakuna areka hata mmoja. Namba ya kila mti itaandikwa kwenye daftari kama Bi Kitalu alivyosema. Barua imekwenda Idara. Tunangoja.

Binamu alinisindikiza msituni na mlinzi. Alikuwa ananuna kidogo, zile bati bado ziko kichwani mwake, na sikumlaumu. Katibu amemwambia kamati inahitaji mtu wa kuonyesha wageni miti, naye hakuna mpapindi asioujua ulipo, kwa hiyo huenda akapata riziki ya kudumu kuliko ndoo moja.

Nilikwenda mpaka pale nilipokata. Nilidhani nitakuta kisiki kimeoza. Kumbe mpapindi huota kwa kikundi, na ubavuni mwa kisiki vimesimama vigogo viwili, kimoja kimenipita kimo mara tatu na kina kole la matunda, bado mabichi. Nikahesabu pete kutoka chini mpaka macho yaliposhindwa: sitini na mbili. Binamu akahesabu naye, akapata sitini na nne. Tukahesabu tena.

Bi Kitalu, kibali kikitoka nitahitaji vumbi la makumbi lililotulia, si bichi. Hapo Mwera gunia linakwenda kwa kiasi gani, na unaweza kunipakilia kwenye gari ya bandarini?